Magamba Yaliyoachwa Mkiani

Gamba lililokaukia mkononi halinuki samaki. Samaki mwenyewe ananuka bahari, na akichelewa ananuka kuoza, basi. Gamba likikauka juu ya ngozi linanuka kitu kingine, karibu na ukucha uliokatwa ukaangukia kwenye makaa. Nilikuwa nimeisahau kabisa harufu hiyo mpaka muhula huu, tulipofanya kazi ya vitendo ya Biolojia na kila meza ikapewa changu mmoja, kibanio kidogo na vipande viwili vya kioo.

Wenzangu wengi wa bweni ni watu wa bara, wakaziba pua. Mimi sikuziba. Kabla mwalimu hajasema lolote nilikuwa nimeshamlaza yule samaki vizuri na kupitisha ukucha wa kidole gumba kutoka mkiani kwenda kichwani, krrr. Msichana ninayekaa naye meza moja akanitazama.

"We Tumaini, unampapasa au unampima?"

Nikasema nampima. Akacheka, na mimi kwa kuwa si mtu wa maneno nikamwacha acheke. Lakini nilikuwa nimemjibu kweli tupu.

Mwalimu alitueleza kwamba gamba halikubandikwa juu ya samaki. Limeota kutoka ndani ya ngozi, na kila gamba limekaa katika kifuko chake, upande mmoja umezama, upande mwingine umelegea na kufunika mwanzo wa gamba la nyuma yake, kama makuti yanavyolaliana juu ya paa. Ndiyo maana maji yanateleza kutoka kichwani kwenda mkiani bila kukwama. Akasema samaki akikua haongezi idadi ya magamba. Magamba yenyewe ndiyo yanayokua pamoja naye, na yanajichora mistari kama kisiki cha mti. Likichomoka moja, jingine huota mahali pake, ila katikati yake huwa tupu. Halina mistari ya miaka ambayo halikuwepo. Wote tuliandika. Na mimi niliandika, lakini mawazo yalikuwa Kiswere, ambako nilijua habari za magamba kwa njia nyingine, na kwa muda mrefu nilizijua vibaya.

Nyinyi mliozaliwa wakati mmoja na mimi mtakumbuka jinsi maduka yalivyoanza kuchipua. Wazazi wetu walisimulia foleni za sukari na sabuni ya kipande, sisi tukakuta kandambili za rangi zinaning'inia milangoni na mitumba imemwagwa chini kwenye turubai. Baba alikuwa mmoja wa watu walioteremka kutoka Newala kufuata biashara pwani. Alisikia kwamba Kiswere kuna wavuvi na hakuna duka la maana, akakodi chumba chenye mlango unaotazama njia, akatundika kandambili na sabuni za kunukia, sisi tukaishi nyuma. Nilikuwa nimeanza darasa la kwanza. Mama alikuwa na mimba ya mdogo wangu, na hakupenda kuja.

Pale kijijini sisi peke yetu ndio tuliokuwa tunasali Jumamosi. Kanisa letu lilitufundisha kwamba kiumbe wa majini asiye na mapezi na magamba haliwi. Huko Newala jambo hili halikumsumbua mtu. Samaki walitufikia wakiwa ng'onda, wamepasuliwa, wametiwa chumvi na kukauka kama ubao, tena kwa nadra. Mtu alikula maharage na mlenda akaendelea na maisha. Kiswere ni mahali ambapo mboga maana yake ni samaki. Papa, taa, pweza, hongwe, wote hawana magamba, na wote wamo katika vyungu vya watu kila siku.

Mama alikuwa hawajui samaki kwa majina wala kwa sura. Alichokijua ni kile alichoelekezwa na mama mmoja wa kanisani kabla hatujahama: pitisha ukucha kutoka mkiani kwenda kichwani. Ukikwama, kula. Ukiteleza, acha. Mimba ilipomfanya ashindwe kuvumilia harufu ya samaki mbichi, kazi ya ukucha akanipa mimi. Baba akileta samaki kutoka kwa wavuvi, naitwa. Napitisha ukucha. Nasema, "Yapo," au nasema, "Hakuna." Ilikuwa kazi nzuri kwa mtoto asiyependa kusema, maana ilihitaji neno moja tu.

Sasa niseme nilivyoelewa mimi. Newala nilikuwa nimeona bucha ambako nyama ilipigwa muhuri wa bluu na bwana afya, na nyama isiyo na muhuri haikuruhusiwa kuuzwa. Nikaona jambo la samaki ni hilohilo. Gamba ni muhuri wa Mungu. Aliowakagua na kuwapitisha aliwagonga mihuri mwili mzima, na wale wengine hakuwafikia, au aliwafikia akawakataa. Nilimhurumia sana taa, kwa vile alivyo mpana. Nafasi ya mihuri ilikuwepo. Na mama alinisaidia kuamini hivyo bila kujua, kwa sababu alikuwa hajui kupara samaki. Alimchemsha na magamba yake, kisha sahanini tukamvua ngozi yote kama soksi. Kwa hiyo nikadhani muhuri hauondolewi mpaka samaki awe mbele ya mlaji.

Jirani yetu aliitwa Mama Zuhura. Mume wake alikuwa mvuvi, na Zuhura mwenyewe alikuwa darasani kwetu. Zuhura alikuwa rafiki yangu wa pekee. Hatukuchaguana, alikuwa anaongea maneno ya watu wawili, mimi sikuwa naongea, tukafaana. Ndiye aliyenifundisha kutembea juu ya mawe ya pwani bila kukatwa miguu, na ndiye aliyenitania kuhusu chungu chetu.

"Kwenu mnachemsha samaki na nguo zake," aliniambia.

"Ndiyo wanavyochemshwa."

"Nani kakudanganya? Hata maiti anavuliwa kwanza."

Mama Zuhura alitupokea kama jirani anavyopokewa. Kiswere ukipata samaki mzuri, mwenye nyumba ya pili lazima aonje. Na samaki wa kumpelekea jirani anakwenda akiwa ameshaparwa, ametumbuliwa, amepakwa ndimu na chumvi, kilichobaki ni moto tu. Hayo ndiyo mapenzi yenyewe. Ukimpelekea mtu samaki mwenye magamba ni kama umemtupia: shika, kahangaike mwenyewe. Samaki wa namna hiyo anapewa mpita njia au mtu mliyekosana ambaye umelazimika kumpa.

Basi sahani ya Mama Zuhura ilikuwa inafika kwetu, imefunikwa kawa, ndani yake samaki laini, mweupe, anang'aa kwa ndimu. Mama anapokea kwa mikono miwili, anashukuru sana, anangoja mwenye sahani aondoke. Halafu ananiita. Napitisha ukucha kutoka mkiani kwenda kichwani na ukucha unateleza kama kwenye sabuni. Nasema, "Hakuna." Mama anamchukua samaki anakwenda kumweka nyuma ya choo, ambako paka hupita.

Mimi sikushangaa hata kidogo. Niliwahi kumwona Mama Zuhura pwani, amekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, kisu butu mkononi, anakwangua, magamba yanaruka na kumnatia mpaka kwenye viwiko. Nilielewa kwamba anawafuta mihuri. Sikujua kwa nini, lakini watu wazima wana mambo mengi wasiyoyaeleza. Nilichojua ni kwamba samaki alifika kwake ana ruhusa na alifika kwetu hana.

Mama angeweza kuuliza. Swali moja lingetosha: huyu alikuwa na magamba? Lakini baba alikuwa amemwonya tangu siku ya kwanza tulipofungua duka. Nilisikia, kwa sababu mtoto asiyesema watu husahau kwamba ana masikio.

"Habari za chakula usizianzishe kabisa," baba alisema. "Ukiwaambia hiki tunakula na hiki hatuli, watasikia tumewaita najisi. Wakisusa duka tutakula hayo magamba yenyewe."

Basi mama akanyamaza. Na wakati huohuo lori la barafu likaanza kuja. Hilo nalo lilikuwa jambo jipya. Wafanyabiashara wa mjini walileta masanduku ya barafu na kununua samaki palepale pwani, ila hawakununua kila samaki. Walitaka changu, chewa na pono. Taa na hongwe waliwaachia wenyeji. Samaki wenye magamba wakawa wanapanda lori wote, na baba akawa anarudi nyumbani mikono mitupu. Tukala mlenda pwani ya bahari. Mama akakonda huku tumbo linakua, na jioni akawa anasema neno lilelile huku anachambua mchele: "Nikizaa huku, nani atanikanda?"

Mnajua mwanamke akijifungua anakandwa kwa maji ya moto, na anayemkanda ni mtu wake: mama, dada, shangazi, au jirani aliyekuwa ndugu. Mama alihesabu kwamba Kiswere hana hata mmoja. Akamwambia baba kwamba tumbo likishuka kidogo atarudi Newala, na mimi nitakwenda naye, na hana hakika kama atarejea. Baba alisema, "Tutaona." Mimi nilimwangalia Zuhura kesho yake anavyoruka juu ya mawe nikafikiri kwamba Newala hakuna mtu atakayeongea kwa niaba yangu.

Halafu ikatokea habari ya paka.

Siku hiyo asubuhi Mama Zuhura alileta changu mkubwa kuliko wote aliowahi kuleta. Mama akapokea, akashukuru, nikaitwa, ukucha ukateleza, samaki akaenda nyuma ya choo. Ila paka aliyempata hakuwa paka wa mtaani. Alikuwa paka wa nyumba ya Mama Zuhura mwenyewe, na paka yule, kama paka wengine wenye adabu, akipata kitu kikubwa hupeleka nyumbani. Akamburuta changu mzima mzima, akapita naye uani, akamlaza miguuni pa Mama Zuhura, aliyekuwa amekaa na wageni anasukwa nywele.

Alikuja kwetu nywele zimesukwa upande mmoja. Alibisha hodi, mama akamkaribisha, hakuingia.

"Mama Tumaini, paka wangu kaniletea mgeni."

Mama hakuelewa.

"Changu wa asubuhi. Kanirudia. Ndimu yangu bado imo ubavuni. Nimekuja kuuliza, kakosa nini?"

Mama aliangalia chini. Nikaona midomo yake inatafuta maneno ambayo baba hakuyakataza.

"Hajakosa kitu, dada. Sisi tumezoea dagaa."

"Dagaa."

"Ndiyo."

"Yule nilimficha, mwenzangu. Watu wa barafu walikuwa wanamtaka, nikamfunika gunia. Nimetukanwa na mume wangu kwa ajili yake. Nikasema, jirani ana mimba, anakonda." Akatikisa kichwa taratibu. "Haya. Kula dagaa."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekwisha siku hiyohiyo. Kisimani wanawake walianza kusema kwa sauti ya kusikika kwamba wenye duka la sabuni za kunukia wanaona mikono ya wenzao inanuka. Mmoja akamweleza mama, kama anayemsaidia: "Bahati yako Mama Zuhura muungwana. Mimi ningekuletea samaki na magamba yake, ujue nimekutupa." Dukani watu hawakususa; walinunua chumvi na viberiti kama kawaida, lakini walisimama. Zamani walikaa kwenye benchi. Zuhura naye aliniambia amekatazwa kucheza na mimi, na ili nisijisikie vibaya akaniambia hakukatazwa sana, amekatazwa kidogo.

Mama akaanza kufunga vitu. Alipatana na dereva wa lori la barafu kwamba Ijumaa atatupakia mbele mpaka Lindi, kisha tupande gari la kupita Mingoyo kwenda kwetu. Baba hakubisha tena. Alipanga kandambili dukani, akazipangua, akazipanga.

Siku mbili kabla nilitoka shule nikaenda pwani peke yangu. Sijui nilikuwa na mpango gani. Mama Zuhura alikuwa amekaa kwenye mbuzi yake anapara, Zuhura anamwagia maji. Zuhura aliponiona akageuza uso, kidogo.

"Shikamoo Mama Zuhura."

Alikwangua mkwaruzo mmoja, wa pili. Lakini shikamoo ya mtoto hainyimwi jibu.

"Marahaba."

"Ijumaa tunaondoka na lori."

"Salama."

"Hatutarudi."

Zuhura akaacha kumwaga maji. Mama yake akasema salama tena, kwa sauti ndogo zaidi. Na mimi, ambaye shuleni nilikuwa sijawahi kunyoosha mkono, nikasema kitu kirefu kuliko vyote nilivyokuwa nimesema pale kijijini.

"Mngekuwa hamwatoi ruhusa, mama angekula."

"Hatuwatoi nini?"

"Ruhusa. Hizo." Nikaonyesha mkono wake unaometameta.

Alijitazama. "Magamba?"

"Asiye nayo hatuli, ni dini. Nyie mnayatoa, halafu mnatuletea."

Kisu kikatulia. "Kwa hiyo papa hamli."

"Hatuli."

"Hongwe?"

"Hatuli."

"Pweza je?" Zuhura akadakia. "Taa? Kaa?"

"Nyamaza wewe," mama yake akamwambia, kisha akanigeukia. "Na mbona mama yako hakuniambia?"

"Baba alimkataza. Alisema mtasikia tumewaita najisi."

Alifikiri. Alikuwa mtu wa haki, nampa hilo. "Tungesikia hivyo," alisema.

Akanivuta karibu. "Njoo. Nikikuvua hilo gauni sasa hivi, utakuwa mtoto wa nani?"

Zuhura akacheka. Nikasema nitakuwa wa mama.

"Hutakuwa wa mtu mwingine?"

"Hapana."

"Basi na huyu nikimvua bado changu. Tazama." Akachukua ncha ya kisu akaigusa ngozi iliyokwisha kuparwa, na kweli, nilipoinama niliona alama za vifuko, safu kwa safu, kama mkeka. Akainua pezi la ubavuni. Chini yake yalikuwepo magamba madogo yamejibana. "Kwapani hapa kisu hakifiki. Hata nikupe samaki aliyeparwa na nani, ukimtazama kwapa utamjua kama alikuwa nayo."

Nilikaa nikitazama kwapa la samaki kwa muda mrefu. Sikuona aibu kwa kukosea. Nilichoona ni kwamba wale wote wa nyuma ya choo walikuwa wanalika. Nilirudi nyumbani nikiwa na maneno tayari, nikamkuta baba amekaa na mama, na maneno yakarudi yalikotoka. Ningesema ningelazimika kueleza nimeyapata wapi, na kwamba nimetoa siri ya nyumba. Ijumaa ikafika sijasema.

Lori lilifika pwani kupakia. Tulisikia honi yake. Mama alikuwa amefunga kanga kiunoni, mabunda mawili yako mlangoni, baba amekwenda kuzungumza na dereva. Ndipo tukamwona Mama Zuhura anakuja na sinia kichwani, na halikufunikwa. Alipita katikati ya njia kuu, mbele ya wanawake waliotoka kisimani, na tulisikia mmoja anamwuliza kwa kicheko, "We, huyo wa mkia usioparwa anakwenda kwa nani? Mmekosana kiasi hicho?"

"Fuateni maji," alijibu, akaendelea kutembea.

Alitua sinia mbele ya mama. Changu alikuwa amesafishwa vizuri kama siku zote, ndimu, chumvi, lakini mkiani alikuwa ameachwa na magamba yake, eneo la kiganja kizima, yamesimama mekundu na kung'aa. Mtu yeyote wa Kiswere angeona kwamba aliyempara ameacha kazi katikati kwa dharau. Na mama, kwa bahati mbaya, wakati huo alikuwa ameshafundishwa kisimani kuwa mtu wa Kiswere.

Aliangalia ule mkia. Macho yakamjaa machozi.

"Asante, dada," alisema. "Nimeelewa."

"Umeelewa nini?"

"Nimeelewa. Hukuwa na haja ya kupita naye njiani. Ninaondoka, lori lile pale."

Mama Zuhura akatazama lori, akatazama mabunda. Akanitazama mimi. Nadhani mpaka dakika ile aliamini kwamba nilishasema nyumbani, na sasa alikuwa anaona usoni mwangu kwamba sikusema. Naye alikuwa anaona vibaya kuanza kumsimulia mwenye nyumba dini yake mwenyewe mlangoni kwake. Akaanza kuinama kuchukua sinia.

Nikapiga magoti. Nikapitisha ukucha, mkiani kwenda kichwani. Krrr, kisha ukafika kwenye ngozi laini ukateleza. Nikarudia ili asikie.

"Yapo," nikasema.

"Nini yapo, Tumaini, hebu ondoka hapo."

"Magamba yapo, mama. Na wale wengine walikuwa nayo, wote. Huku wanayatoa kwa heshima. Nilimwambia Mama Zuhura mambo ya magamba. Haya kayaacha makusudi uyaone."

Mama alinitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyeshika kisu. Baadaye akachuchumaa, kwa shida kwa sababu ya tumbo, akapitisha ukucha wake mwenyewe. Ulikwama. Akaushikilia hapohapo.

"Umepita naye hivi njia nzima?" aliuliza bila kuinua uso.

"Nimepita."

"Watu wameona."

"Wameona."

"Watasema."

"Wameshasema," Mama Zuhura akajibu. Akavuta mbuzi yetu iliyokuwa karibu na mabunda, akaketi bila kukaribishwa. "Nikuulize, mwenzangu. Papa humli, sawa. Ndimu unakula?"

Mama alicheka, na kwa kuwa alikuwa analia kilitoka kitu cha katikati. Akapangusa pua kwa kanga. Akaomba kisu. Mama Zuhura akampa chake, na mama akashika samaki kichwani akaanza kukwangua kuelekea mkiani, kisu kikawa kinateleza juu ya magamba bila kung'oa hata moja.

"Ndivyo maji yanavyopita hivyo," Mama Zuhura alisema. "Wewe unamwogesha. Geuza. Mkiani ndiyo mlango."

Gamba la kwanza liliruka likamnasa mama shavuni. Hakulitoa.

Honi ikapigwa, ndefu. Baba akaja mbio, nyuma yake dereva anafuta mikono, wakasimama walipotuona. Baba aliangalia mabunda, akaangalia sinia, akaniangalia mimi, kana kwamba mimi ndiye wa kueleza. Sikueleza. Nilikuwa nimemaliza.

"Mama," dereva alimwambia mama, "barafu inayeyuka. Unapanda, hupandi?"

Mama alikuwa anang'ang'ana na kisu. Akajibu Mama Zuhura.

"Apande aende wapi na tumbo hilo? Nani atamkanda huko njiani, wewe?"

"Mimi nimeambiwa anarudi kwao akakandwe," dereva akajitetea.

"Atakandwa hapa. Maji ya moto hatuuzi kwenye barafu yenu, bado tunayo."

Dereva akamtazama baba. Baba akainama, akashika bunda moja, akaliingiza ndani, akarudi kuchukua la pili. Lori likaondoka na changu na chewa wake. Zuhura alikuwa ameshatokea, sijui saa ngapi, amesimama karibu yangu ananisimulia jambo ambalo sikulisikiliza. Mama alikuwa amemaliza magamba ya upande mmoja. Akamgeuza samaki upande wa pili, akatafuta mkia.